Nani Atakudhamini? Historia ya Kuaminiana Kati ya Petta na Busia

Gunia la karanga likitoka Petta, Budama Magharibi, wilayani Tororo, hupita mikono mingi kabla halijafika sokoni Busia upande wa Kenya. Mkulima humpa mchuuzi anayezunguka vijijini. Mchuuzi humpa dalali wa mjini, dalali humkabidhi mvushaji, na mvushaji humfikishia mama mwenye kibanda ng'ambo. Mara nyingi fedha hazitembei pamoja na gunia. Hurudi siku kadhaa baadaye kwa njia ile ile, kila mkono ukitoa chake. Hati hakuna. Hakimu wa kuwaita wote mbele yake hayupo, maana kati yao pamepita mpaka wa nchi mbili zenye sarafu mbili. Hata hivyo biashara ya namna hii imezishinda umri serikali zilizopita hapa.

Nimeitazama historia ya eneo hili kwa muda mrefu, na ninaona jambo moja likijirudia. Hapa mtu huaminika pale mwingine anapokubali kuumia pamoja naye akikosea. Kila mara sifa ya mtu ilipoandikwa na asiyepoteza chochote kwa kuandika vibaya, watu waliukimbia mfumo huo, au waliuchoma moto.

Petta ni nchi ya Jopadhola, Waluo waliokaa mbali na Waluo wenzao, wakizungukwa na Wateso, Wanyole, Wasamia na Wagisu. Bethwell Ogot, aliyekusanya masimulizi yao na kuchapisha kitabu chake kuhusu Waluo wa kusini mwaka 1967, alieleza jinsi koo zenye asili tofauti zilivyogeuka kuwa watu wamoja, na jinsi ibada ya Bura, iliyoongozwa na Majanga katika karne ya 19, ilivyozipa mahali pa kukutania. Deni katika jamii kama hiyo lilikuwa la ukoo. Mtu akishindwa kutoa ng'ombe aliyeahidi, ndugu zake ndio waliofuatwa, na kwa hiyo ndugu walikuwa na kila sababu ya kumjua mtu wao kabla hajafungua mdomo kuahidi.

Kwa Wateso wa upande wa Kenya, mwanaanthropolojia Ivan Karp aliandika katika miaka ya 1970 na 1980 kuhusu majirani waliolimiana mashamba kwa pamoja, kisha wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi wakinywa kwa mirija mirefu. Anayejua pombe hiyo, malwa, inavyonywewa huku anaelewa kwamba kinachofanyika pale si ulevi tu. Mtu aliyekunywa kwa mwenzake lakini hakuonekana siku ya jembe hujulikana mbele ya watu wote. Msimu unaofuata, shamba lake hukosa mikono. Hapahitajiki adhabu nyingine.

Kutoka pwani kulikuja namna nyingine ya kuaminiana. Kufikia miaka ya 1880, misafara ya Waswahili na Waarabu iliyofuata njia ya kaskazini ilikuwa ikipumzika Mumias, kwa watawala wa Wanga, na mwaka 1883 msafiri wa Kizungu Joseph Thomson naye alipita hapo. Mkuu wa msafara hakuwa na mtaji wake mwenyewe. Vitambaa na shanga alivichukua kwa matajiri wa Kihindi wa pwani kwa mali kauli: chukua sasa, utalipa ukirudi na pembe. Huenda angerudi baada ya mwaka, huenda miwili. Tajiri hakuwa na uwezo wa kumfuata Wanga wala Buganda. Alichokuwa nacho ni nyumba ya mkuu huyo, wake zake na watoto wake waliobaki pwani, pamoja na mtu mwenye jina aliyemleta dukani na kusema huyu ni wangu.

Bara, wakuu wa misafara walichanjana damu na wenyeji. Kila mmoja alionja damu ya mwenzake, kiapo kikatamkwa, na laana ikawekwa juu ya atakayesaliti. Wasafiri wa Kizungu waliandika habari hizi kama ushirikina. Mimi naona hekima ya biashara ndani yake. Watu wawili wasio na lugha moja, mahakama moja wala Mungu mmoja walipata njia ya kuweka rehani kitu ambacho kila mmoja alikithamini kuliko shanga, yaani mwili wake na uzao wake.

Mpaka ulikuja baadaye. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, hata bonde la Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, Waingereza walilihamishia jimbo la mashariki la Uganda katika himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande mbili bila kuhama. Na kila upande ukaanza kuwaandika watu wake kwa namna yake.

Kenya ilileta kipande. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kazi, ndani ya kijaluba cha bati ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Uzito wake haukuwa katika bati. Mwajiri alipaswa kutia saini mtu anapoondoka, na asipotia, mfanyakazi alikuwa mtoro mbele ya sheria. Watumishi wa nyumbani waliongezewa kitabu chao, ambamo bwana au bibi aliandika tabia ya mpishi au yaya, na mwajiri wa pili akaisoma. Mpishi hakuwa na ukurasa wa kuandika tabia ya bwana. Mzungu aliyezoea kukata mishahara aliendelea kupata wafanyakazi wasiojua sifa yake, isipokuwa kwa habari zilizopita mdomo kwa mdomo kambini. Kipande kilichukiwa hadi kikawa moja ya hoja kubwa za siasa za Kenya kabla ya uhuru.

Upande wa Uganda, jambo kama hilo lilikuja kwa sura ya kodi. Kwanza mawakala wa Kiganda walioingia na jemadari wao Semei Kakungulu walikusanya kodi iliyo sawa kwa kila mtu. Katika miaka ya 1950 ikaja kodi ya ngazi, ambapo kila mwanamume alipangiwa kiwango kulingana na mali yake: ng'ombe, pamba, baiskeli, nyumba ya bati. Kwa maandishi ilikuwa ya haki kuliko ile ya awali, kwa kuwa tajiri alilipa zaidi. Lakini waliopima mali walikuwa machifu na kamati zao. Chifu aliyemwandikia jirani ng'ombe wasiokuwepo hakulipa chochote kwa uongo huo, na rafiki yake aliyepunguziwa hakuulizwa. Januari 1960 wilaya ya Bukedi, iliyojumuisha Tororo na Budama, ililipuka. Umati ulivamia machifu na nyumba zao zikachomwa moto, na ghasia zikafika hata Bugisu. Ni rahisi kusema watu walichoka na kodi. Ukifuata malalamiko yenyewe, unaona kwamba walichoka kupimwa na watu ambao hakuna aliyeweza kuwapima.

Biashara ya miaka hiyo ilisimama juu ya maduka ya Waasia. Mjini Tororo, Busia na hata katika vituo vidogo, mwenye duka alimpa mchuuzi Mwafrika chumvi, sabuni na nguo kwa mkopo, akaandika kwenye daftari, naye akawa amekopeshwa na muuza jumla wa Kampala au Kisumu. Sitaki kuipamba hali hiyo. Sheria za kikoloni za Kenya ziliweka kikomo kidogo kwa deni ambalo mahakama ingemdai Mwafrika, kwa kisingizio cha kumlinda, na matokeo yake mfanyabiashara Mwafrika alibaki mdogo. Bei ya pamba kwenye mitambo ya kuchambulia ililalamikiwa daima. Hata hivyo mnyororo wa mkopo ulikuwepo, kutoka bandari ya Mombasa hadi meza ya mbao kijijini, na kila pete ilimjua aliye juu yake na aliye chini yake.

Mnyororo huo ulikatwa hapa hapa. Tarehe 4 Agosti 1972, akihutubia wanajeshi katika kambi ya Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda uliowekwa ukawa siku 90. Habari hii husimuliwa sana kuhusu waliofukuzwa, na inastahili. Husimuliwa kidogo kuhusu daftari walizoziacha. Waliogawiwa maduka walipata rafu na bidhaa, lakini hawakupata jina ambalo muuza jumla wa Nairobi angelikubali kwenye simu. Bidhaa zilipokwisha, rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kuvushwa usiku.

Ndipo magendo yakawa uchumi wenyewe. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977. Mkulima wa Bugisu alilipwa kwa kuchelewa, kwa shilingi ya Uganda iliyokuwa ikiyeyuka. Ng'ambo, kule Chepkube kwenye miteremko ya Elgon, kahawa ililipwa papo hapo kwa shilingi ya Kenya. Watu walibeba kwa vichwa, kwa punda, kwa baiskeli. Serikali ya Amin iliunda mahakama ya makosa ya uchumi mwaka 1975 na kutishia kifo, na askari kwenye vizuizi walipiga risasi.

Fikiria hali ya mwenye kahawa. Anampa kijana magunia usiku, mtaji wake wote. Asubuhi kijana anarudi mikono mitupu na kusema amekamatwa na askari. Huenda ni kweli, huenda ameuza. Kwenda polisi kuuliza ni kujipeleka gerezani. Tena tuhuma ya uongo ingeweza kumuua kijana, kwa kuwa mwenye mali naye alikuwa na marafiki wenye bunduki. Katika hali kama hiyo nadharia nyingi za uchumi zingesema biashara haiwezekani. Iliwezekana kwa sababu njia zilipita ndani ya koo zilizokatwa na mpaka: Wagisu kwa Wabukusu, Wateso kwa Wateso, Wasamia kwa Wasamia. Kijana hakuwa mtu tu, alikuwa mtoto wa dada ya fulani, na mjomba wake alikuwa amekwisha kusimama kwa niaba yake. Hasara ikitokea, mjomba alichukua sehemu yake kwanza na maswali yakafuata baadaye. Kwa kuwa aliumia, mjomba alichunguza kwa bidii ambayo askari wa upelelezi hangeweza kuifikia.

Mwanahistoria wa uchumi Avner Greif alikuta jambo linalofanana katika barua za wafanyabiashara Wayahudi wa Maghreb wa karne ya 11 zilizohifadhiwa Cairo: wakala aliyemdanganya mmoja alikataliwa na wote. Tofauti ni kwamba wale waliandikiana barua. Watu wa mpakani hapa hawakuthubutu kuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa karatasi ingekuwa ushahidi kortini.

Baiskeli za Busia zilikulia katika hali hiyo. Kati ya vituo viwili vya forodha palikuwa na mwendo ambao magari ya abiria hayakuruhusiwa kuuvuka bila makaratasi, na vijana wenye baiskeli zilizowekwa mto nyuma walianza kuita abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Ndivyo boda boda ilivyopata jina, kutoka neno la Kiingereza 'border', na leo pikipiki zimelichukua hadi miji ambayo haijui Busia iko wapi. Pamoja na jina ilisafiri steji, yaani kituo chao cha kusubiri abiria. Kijana anayetaka kuegesha kwenye steji huletwa na mwanachama, hutoa kiingilio, na mwenyekiti huandika namba yake. Abiria akipoteza mzigo huulizwa rangi ya pikipiki au namba ya kizibao, na steji nzima huhangaika, maana abiria wakiamini kwamba pale pana wezi, wote watalala njaa. Nimewahi kusikia watu wakizilaumu steji kwa kufunga mlango kwa wageni. Lawama hiyo ni ya kweli, na nitairudia.

Amin alianguka Aprili 1979, lakini sarafu haikupona. Mei 1987 serikali mpya ya Uganda ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na ikakata asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Mtu aliyekuwa ameweka akiba ya karanga zake kwa noti za Uganda alipoteza karibu theluthi kwa siku moja. Desemba mwaka huo huo majeshi ya nchi mbili yalirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Wabadilisha fedha waliokaa kandokando ya barabara wakiwa na vibunda viwili mkononi walikuwa ndio taasisi ya fedha iliyotegemewa zaidi. Mteja wa kudumu alimwendea mtu wake yule yule kila siku ya soko, hata kama jirani yake alitoa shilingi moja zaidi, kwa sababu mtu wake angempa mkopo siku ambayo mzigo ungezuiliwa.

Baadaye vijijini kikaja kitu kipya chenye roho ya zamani. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza nchini Niger vikundi vya akiba vya wanawake, na katika miaka iliyofuata mtindo huo ulisambaa hadi Uganda mashariki. Kikundi huwa na watu kati ya 15 na 30. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Kila wiki mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na kwa kila hisa hugongewa muhuri kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako. Fedha hutolewa na kurudishwa mbele ya wote, na mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa na kila mtu huchukua chake.

Jambo lililonivutia katika mpango huu ni kwamba anayekupa sifa ndiye unayemkopa. Mama anayenyoosha mkono kukubali mkopo wa mwenzake anatoa fedha yake mwenyewe. Na mweka hazina naye hupimwa kila wiki kwa kuhesabu kilichomo, bila kumtuhumu, kwa kuwa ni kanuni. Machifu wa mwaka 1960 hawakuwahi kukaa kwenye kiti kama hicho.

Lakini nani huachwa nje? Mke aliyeolewa mwaka jana kutoka mbali, ambaye jina lake liko kijiji kingine. Mjane ambaye shemeji zake wamemnyang'anya shamba. Mtu wa kabila dogo. Kijana aliyewahi kukosea akiwa na miaka 18 na kijiji hakisahau. Udhamini wa jamaa huwalinda walio ndani kwa kuwagharimu walio nje, na uvumi wa uchawi au wivu unaweza kumaliza jina la mtu kwa wiki moja bila yeye kuulizwa. Kwa ajili ya watu hao, rekodi inayoandikwa na mashine ilikuwa na ahadi kubwa.

Ahadi hiyo ilikuja kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na MTN ikaanzisha huduma yake Uganda mwaka 2009. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo unaotolewa kwa kutazama jinsi mtu anavyotumia laini yake. Mwaka 2016 benki ya M-Shwari ikaleta mkopo kama huo, MoKash, Uganda. Mama asiye na mjomba wa kumsemea alikopa kwa mara ya kwanza bila kuinamia mtu. Hilo ni jambo kubwa, na wanaolibeza hawajawahi kuwa na shida ya shilingi elfu mbili saa kumi na moja alfajiri.

Kisha kikatokea kile ambacho historia ya hapa ingeweza kukitabiri. Programu nyingi za mikopo zilimwagika Kenya, na zikawa zinapeleka majina kwenye ofisi za taarifa za mikopo, zile ambazo wote huziita CRB, hata kwa deni dogo kuliko nauli ya pikipiki. Nyingine zilichukua namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji na kuanza kuwapigia pasta wake, bosi wake na wakwe zake. Watu hao walifanywa wadhamini bila kukubali, wakapewa aibu ya udhamini bila sauti ya mdhamini. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa kupeleka majina, na ikakataza kuorodhesha madeni yasiyofika shilingi 1,000. Miaka miwili baadaye kanuni zikawataka wapate leseni.

Busia ina shida yake ya ziada. Mfanyabiashara wa Tororo huwa na laini mbili. Kwenye laini ya Uganda ana historia ya miaka, kwenye ya Kenya huenda hana kitu, au imeandikishwa kwa kitambulisho cha rafiki. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na marais wawili Februari 2018 kimepunguza foleni za malori. Mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti chepesi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wake unavuka, jina lake haliwezi.

Na jina la wote linaweza kuharibika kwa siku moja. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama Busia na Malaba. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji waandikishwe, na shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Hofu yenyewe ilikuwa halali, sumukuvu huharibu ini. Lakini zuio lilimhukumu mkulima anayeanika kwenye turubai sawasawa na anayeanika juu ya udongo, ilhali mchuuzi anayepita vijijini anamjua kila mmoja wao kwa jina na hununua kwa kutofautisha.

Pa kuanzia papo: kanuni za Kenya zinampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake ya CRB bure mara moja kwa mwaka, na kupinga kilichoandikwa kimakosa. Haki hiyo ifundishwe kwenye mikutano ya vikundi vya akiba, pande zote mbili, sanduku likiwa wazi na wote wakisikia. Wabunge wa Afrika Mashariki wanaoketi Arusha waambiwe mambo mawili zaidi: anayelipa madeni yake Tororo ahesabiwe kuwa amelipa akiwa Busia, na kampuni inayopeleka jina la mtu kimakosa imlipe mtu huyo, kwa shilingi za upande alioharibiwa.